Marehemu wa Saa Kumi na Moja

Mume wangu hajui kukaa. Nasema kukaa kwenyewe, kitako kiguse kiti na kibaki pale. Mgeni akija humkaribisha vizuri, humvutia kiti, kisha yeye husimama mlangoni akizungumza huku akijaribu bawaba kama zimelegea. Chakula anakula goti moja likiwa juu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kazini walimpa jina la Kiguu, yaani kiguu na njia, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na mama yake. Hata mimi nikikasirika humwita hivyo. Nilipoolewa nilidhani ni haya za bwana harusi, zitakwisha. Hazikwisha. Nimeingia utu uzima naye hivyo hivyo, nikiujua mgongo wake kuliko uso.

Lakini nisimseme vibaya sana, maana miguu hiyohiyo ndiyo iliyotulisha. Kuna kiwanda cha kufulia nyuma ya kituo cha mafuta, kinafua mashuka ya hoteli na ya hospitali. Alianza pale kama mbeba magunia ya nguo chafu. Wenzake wakishamaliza kushusha gari walikuwa wanajilaza juu ya magunia, yeye anazunguka kwenye mashine akiuliza hii kwa nini inatetemeka, ile maji yake yanakwenda wapi. Haikupita miaka mingi akawa anajua kwa sauti tu ni mashine gani inataka kugoma. Bosi akamfanya msimamizi. Akampa koti la buluu lenye mfuko wa kalamu, na siku ya kwanza alilivaa mpaka chooni, nikamwambia sasa lala nalo kabisa, usije ukaibiwa cheo.

Mimi ni msusi. Nasuka watu barazani kwangu, na kichwa cha mtu kikishalala kwenye mapaja yako, mdomo wake hauna kufuli. Wanawake wa pale kiwandani ni wateja wangu. Kwa hiyo ninayosimulia hapa, mengine niliyaona, mengine yalitolewa na chanuo.

Sheria ya kazi hata mimi ninayeishi kwa vichwa vya watu naijua kidogo: kazi ina saa zake, na mtu ukimvusha saa hizo, kwanza umwulize, halafu umlipe zaidi. Bosi aliijua sheria hiyo kuliko sisi sote. Ndiyo maana alinunua mashine ya kidole. Ilitundikwa ukutani karibu na mlango. Saa kumi na moja jioni kengele inalia, watu wanapanga mstari, kila mtu anagonga dole gumba, na mashine inasema "Asante" kwa sauti ya mwanamke mwenye mafua. Kwa mashine, na kwa serikali, mtu huyo ameshakwenda zake nyumbani. Kumbe badala ya kutoka mlangoni anageukia mkono wa kulia, anarudi palepale alipokuwa, anaendelea mpaka mashuka ya hoteli yaishe. Siku nyingine taa za barabarani zinawaka yuko ndani. Ovataimu yake ni kikombe cha chai, kipande cha mkate, na bosi kupita akisema, "Sisi hapa ni familia."

Wao kule kugonga dole waliita kuaga. "Umeshaaga?" "Nimeaga." Na kwa kuwa mtu mzima halii hadharani, waliligeuza mzaha. Aliyekwisha kuaga alikuwa anaitwa marehemu. "Marehemu, nipe hilo shuka." "Marehemu, sogea, unaniziba mwanga." Akitokea aliyesahau kugonga dole wanapiga kelele, "Huyu bado yu hai, mwahini!" Kiguu akirudi nyumbani nikamwuliza mbona hivi, jua limezama zamani, alikuwa anajibu, "Mimi nimefariki saa kumi na moja, mke wangu. Unayemwona ni mzimu. Mzimu una njaa." Tunacheka. Kazi yake ilikuwa kusimama pale ukutani ahakikishe hakuna anayerudi kwenye mashine kabla hajaaga, na kwa mkono wake kuwaonyesha njia: gonga, geuka, gonga, geuka.

Aliyempeleka wifi yangu pale kiwandani ni yeye mwenyewe. Wifi ni dada yake wa mwisho. Mama yao alipofariki, Kiguu ndiye aliyembeba mgongoni, akampikia, akampeleka shule, na nadhani hata miguu yake haijui kutulia kwa sababu alianza kuhangaika nayo akiwa mdogo mno. Wifi ni mtu wa maneno, wa kucheka, hawezi kukaa na wewe akakosa la kukutania. Walimweka kwenye mashine ya kunyooshea, ile yenye rola kubwa za moto. Anashika shuka bichi kwa pembe zake, analilisha, linatokea upande wa pili likiwa kavu na bapa, na huko analipokea mama mmoja wa makamo tunayemwita Bibi Mkunjo, ambaye anakunja tangu kiwanda kilipofunguliwa.

Jioni moja, wakiwa wameshaaga na chai wameshakunywa, shuka liliingia upande. Wifi alinyoosha mkono alirekebishe. Mkono wa kulia ukafuata shuka.

Kiguu ndiye aliyezima mashine na kufungua rola. Siku hiyo hakunisimulia, na mimi sikumwuliza, kwa sababu nilimwona akinawa mikono, anaikausha, anarudia kuinawa.

Bosi, haki yake nimpe, alimpakia wifi kwenye gari lake mwenyewe akamfikisha hospitali akiendesha kama kichaa. Lakini kesho yake alimwita Kiguu ofisini akafunga mlango. Hospitali ilikuwa imeshatoa taarifa kwamba mtu ameungua kazini, na afisa kazi angekuja kuuliza. Bosi akamwambia hivi, nami nayarudia kama nilivyoambiwa: "Kaka, mashine inasema dada yako aliaga saa kumi na moja. Mtu aliyeaga anafanya nini ndani? Wewe utasema watu walikuwa wameshaondoka, yeye akarudia mwavuli wake, akapita karibu na mashine. Bahati mbaya. Mimi nitamsaidia kibinadamu."

Sasa nieleze kilichokuwa mezani. Daktari alisema vidole vya wifi vinahitaji kupasuliwa tena, kisha mazoezi ya muda mrefu, la sivyo vitaganda vilivyo. Ikiwa aliumia kazini, kiwanda na bima yake wanabeba matibabu mpaka mwisho. Ikiwa alirudia mwavuli, atajibebea mwenyewe, yeye ambaye wakati huo hakuweza kubeba hata kikombe. Kibinadamu cha bosi tulikijua. Kilikuwa na kipimo cha kipande cha mkate.

Wifi akahamia kwetu kwa sababu hakuweza kujiogesha wala kujipikia. Nikamtandikia sebuleni. Na hapo ndipo nyumba yangu iliposhindwa kupumua. Kiguu, ambaye hata siku njema hakai, sasa akawa hawezi hata kupita sebuleni. Anaingia kwa mlango wa jikoni, anatoka kwa mlango wa jikoni. Alipaka rangi choo. Alihamisha banda la kuku kutoka upande huu kwenda upande huu mwingine, kesho yake akalirudisha, kuku wenyewe wakawa hawajui walale wapi. Alitengeneza redio iliyokuwa inasema vizuri, ikanyamaza. Nikiwa nasuka namwona kwa pembe ya jicho akipita na nyundo, anapita tena bila nyundo, anarudi kutafuta nyundo. Mteja mmoja aliniuliza, "Shemeji anaumwa?" Nikamvuta nywele kuliko ilivyohitajika.

Wifi alikuwa anamtazama tu. Hakumwuliza neno. Na yule mtu wa maneno akinyamaza, unaona afadhali angetukana.

Jumapili bosi alikuja kutuona. Alileta machungwa, akaketi, akaangalia bandeji akaangalia pembeni.

"Mwanangu, unaendeleaje?"

"Naendelea, bosi."

"Afisa atakuja, atakuuliza. Usiogope. Wewe sema tu kama ilivyokuwa. Ulikuwa umeshaaga, ukarudia mwavuli."

Wifi akamtazama. "Bosi, mimi sina mwavuli."

"Huna?"

"Sijawahi kuwa nao. Mwulize kaka."

Kaka yake alikuwa dirishani, amesimama juu ya kigoda, anakaza skrubu ya pazia ambayo haikuwa na tatizo lolote. Hakugeuka.

Bosi akafikiri kidogo. "Lakini mvua si inanyesha siku hizi?"

"Hainyeshi, bosi."

"Basi ulikuwa wa jua," akasema, akainuka.

Kesho yake dereva wa kiwanda akatuletea mwavuli mpya, mweusi, karatasi ya bei bado inaning'inia. Wifi alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka kicheko kikiwa kimekwisha. Nilimkumbatia bila kujua pa kumshika nisimuumize. Mwavuli nikaupeleka uwani nikafunika nao banda la kuku. Angalau kuku walipata haki yao.

Jioni ile nilimbana Kiguu jikoni. Nilisimama mlangoni, na mimi si mwembamba, hakuwa na pa kupita.

"Utasema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kiguu!"

Akaanza kupanga sufuria kwa ukubwa. "Mke wangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Na huu wa dada yako, ataubusu nani?"

Akaacha sufuria. "Wewe unadhani nikifungua mdomo nitamsema bosi. Nitajisema mimi. Nani alikuwa anasimama pale ukutani? Nani alikuwa anawaambia gongeni, geukeni? Bosi yuko ofisini na chai yake. Hao watu wote walirudi kwenye mashine kwa mkono wangu."

"Walirudi kwa amri yake."

"Kwa mkono wangu," akarudia. Kisha akashusha sauti, kwa sababu kati ya jikoni na sebule kuna pazia tu. "Siku ile alitaka kwenda. Alinifuata akaniambia, kaka, macho yanajifumba leo, niachie niende nikalale. Nikamwambia maliza kwanza hilo rundo."

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na hakuna hata kimoja kilichomshinda mwenzake. Nikampisha mlangoni, akatoka uwani, nikamsikia anazunguka banda la kuku. Nilipopita sebuleni wifi alikuwa amelala amefumba macho, lakini usingizi wa mtu unajulikana, na ule haukuwa usingizi. Alikuwepo siku ile, ati. Hakuhitaji kusimuliwa na pazia.

Siku ya afisa, wifi naye aliitwa kiwandani akahojiwe. Nilimsindikiza. Sikuwahi kuingia ndani ya kiwanda kile hata mara moja, na nilipoingia nilielewa kwa nini nguo za mume wangu hazikauki jasho. Mvuke umetanda mpaka darini, sakafu inatetemeka, na mtu akitaka kukuambia neno anakuletea mdomo sikioni. Asubuhi yake bosi alikuwa amewakusanya wafanyakazi akawaambia: leo mkigonga dole, mnatoka kweli, mnakwenda nyumbani. Walifurahi. Wengine walikuwa wameshapanga watakachofanya na jua hilo la bure. Mmoja aliahidi kuja kwangu nimsuke.

Afisa kazi alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye viatu vya mtu anayetembea sana. Aliwaita mmoja mmoja kwenye meza ya kukunjia, mashine zikiwa zimepunguzwa kasi, nasi tukasikia yote. Mnaingia saa ngapi? Saa mbili. Mnatoka? Saa kumi na moja. Mkizidisha? Hatuzidishi. Wote walijibu kwa sauti moja ya watoto wanaosoma ubaoni. Sikuwalaumu. Kila mmoja ana watoto wanaotaka kula, na mwenye nguvu mpishe.

Ikafika zamu ya wifi. Afisa akamwuliza, "Dada, siku ile ulikuwa unafanya nini ndani baada ya kuaga?"

Wifi akaweka mkono wake wa bandeji mezani. "Mwulize kaka yangu," akasema. "Yeye ndiye msimamizi. Atakalosema yeye, nami ndilo langu."

Jamani. Kiguu alikuwa amesimama karibu na nguzo, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Bosi alikuwa nyuma yake, amefumbata mikono. Afisa akamgeukia.

"Watu hutoka saa kumi na moja," Kiguu akasema. "Yeye... kuna kitu alikuwa amekisahau. Akarudi."

Hata neno mwavuli lilimshinda. Lakini alikuwa amesema. Wifi hakumtazama. Aliushusha mkono wake kutoka mezani taratibu, akaenda kukaa kwenye benchi, nami nikakaa naye, na kama mapenzi ya ndoa yanaweza kupasuka kama sahani, ya kwangu yalipata ufa pale pale. Nilitaka kumwita jina lake halisi mbele za watu, lile ambalo mama yake alimpa, ili ajue nani anamwona.

Afisa alifunga mkoba wake, akashukuru. Lakini hakuondoka. Alisema gari lake linachelewa, akaomba kiti, akakiweka si mbali na mashine ya kidole, akavua kiatu kimoja akakisugua kisigino. Bosi akampelekea soda. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia.

Kengele ikalia.

Watu wakapanga mstari. Bibi Mkunjo mbele, kama kawaida yake. Akagonga dole. "Asante," mashine ikasema na mafua yake. Na Bibi Mkunjo, aliyekuwa ameambiwa asubuhi kwa masikio yake yote mawili kwamba leo anatoka, akageukia mkono wa kulia akarudi kwenye meza yake, akapandisha mikono ya gauni. Wa pili akagonga, akageuka kulia. Wa tatu. Hakuna aliyekonyezana na mwenzake, hakuna aliyetaka kumchoma bosi. Yule aliyeahidi kuja kusukwa alishafika kwenye mashine yake ananing'iniza ndoo. Wamefanya hivyo jioni ngapi, hata mlango wameusahau uko upande gani. Na pale ukutani, msimamizi wao, na koti lake la buluu, alikuwa amenyoosha mkono akiwaonyesha njia: gonga, geuka. Gonga, geuka. Uso wake ulikuwa mbali kabisa, unawaza mambo mengine. Mkono ndio uliokuwa kazini.

Mimi nilifumba mdomo kwa kiganja. Bosi alikohoa. Akakohoa tena kama mtu mwenye kifua kikuu. Hakuna aliyesikia, mashine zilikuwa zimeanza kuongezwa kasi.

Afisa alivaa kiatu chake. "Wanakwenda wapi?" akauliza.

"Mabegi," bosi akasema haraka. "Mabegi yao yako kule. Wanachukua mabegi waondoke."

Na kweli mabegi yalikuwa kule, yametundikwa kwenye misumari. Ilikuwa jibu zuri. Nikaona ukweli umepotea tena. Afisa akamgeukia Kiguu. "Msimamizi, ni mabegi?"

Wakati huo sikuona kwamba benchi letu limekuwa jepesi. Nilisimuliwa baadaye kwamba Bibi Mkunjo alirudi kuchukua kitambaa chake, akapita mbele yetu, na kwa mazoea yaleyale akamshika wifi mkono wa kushoto, akamwambia, "Inuka, marehemu, mashuka hayaishi." Na wifi akainuka. Akaenda naye. Nilipotazama alikuwa amesimama mahali pake mbele ya rola, mtu ameshaiwasha, moto unapanda, naye ameinua mikono yote miwili, mzima na wa bandeji, kushika pembe za shuka.

Kiguu hakuwa amemjibu afisa. Alikuwa ameyaona yaleyale niliyoyaona.

"Toka hapo!"

Sijawahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwake. Alikimbia akipangua watu na ndoo, akamvuta dada yake kwa kiuno, akapiga swichi kubwa ya ukutani, na kiwanda kizima kikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kibaya, maji tu yanadondoka mahali. Wifi alikuwa anatazama mkono wake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeuleta pale.

"Si mabegi," Kiguu akasema. Alikuwa anahema, bado amemshika. "Afisa, hawachukui mabegi. Wanarudi kazini. Kila siku wanagonga, wanageuka, wanarudi mpaka usiku unaingia, na anayewarudisha ni mimi. Umeniona kwa macho yako nimenyoosha mkono. Na huyu hakurudia kitu. Siku ile aliniomba ruhusa aende akalale. Nikamnyima. Nikamwambia maliza rundo. Ndivyo alivyoungua. Andika hivyo."

Bosi akasema, "Kiguu." Kwa upole tu, kama anavyomwita mtu wa familia.

"Andika," mume wangu akarudia.

Halafu Bibi Mkunjo, ambaye ndiye aliyetuponza na kutuponya kwa pamoja, akasema kwamba hata yeye alikuwepo, na kwamba chai yenyewe haikuwa na sukari. Wakaanza wote. Ikabidi afisa awanyamazishe waseme mmoja mmoja.

Sitakuchosha na yaliyofuata ofisini, yalichukua muda na safari nyingi. Kiwanda kiliamriwa kulipa saa zile za ziada na kufuata sheria kuanzia hapo, na bosi akafuata, maana afisa yule alikuwa anapita bila kutoa taarifa wala kupiga hodi. Sasa kuna zamu mbili. Mashuka yakizidi, watu wanaulizwa kama watabaki, na anayebaki hulipwa na mashine haisemi asante mpaka amalize. Chai imefutwa. Utashangaa, wapo walioninung'unikia kichwa kikiwa mapajani mwangu: "Mumeo katukosesha mkate." Nikamwambia mmoja wao, nunua mkate kwa hiyo ovataimu yako, na ukae sawa nisikupindishie njia za kichwani.

Kiguu hakufukuzwa, afisa alishamwonya bosi juu ya hilo. Alivuliwa koti tu, akarudishwa kwenye magunia. Anatoka saa kumi na moja jua likiwa bado kali, anafika nyumbani hajui jua hilo alifanye nini. Amenitengenezea baraza, amenitengenezea kiti cha wateja, amekitengeneza tena kikawa kinapiga kelele. Mimi nilimsamehe kwa awamu, kama mtu anayelipa mkopo, mwezi huu kidogo, mwezi ujao kidogo. Yeye hakuniharakisha.

Wifi alipasuliwa kwa gharama ya kiwanda. Dole gumba lilirudi, na kidole cha shahada. Vile vingine vitatu vimebaki vimejikunja, na daktari anasema ndiyo hivyo. Alipopata nguvu alisema anataka chumba chake, hawezi kuzeeka sebuleni kwa watu. Akapata kimoja mtaa wa tatu kutoka kwetu. Maneno yake yalikuwa yamerudi; siku ya kuhama alimtania kila mtu njiani, akaniambia nimempikia vizuri mpaka milango imekuwa myembamba. Kaka yake tu ndiye hakumtania.

Kiguu alibeba godoro kichwani. Mimi nilibeba vyombo. Tulipofika mlangoni wifi alifungua kufuli kwa mkono wa kushoto, akageuka akasimama kizingitini, akamzuia kaka yake asiingie.

"Kaka," akasema. "La rundo nimelimaliza. Ulikuwa umechoka na wewe, nilikuona. Nisingekulaumu hata kama ningekatika mkono mzima." Akaning'iniza kufuli mlangoni. "Lakini lile neno ulilomjibu afisa mara ya kwanza, mimi nikiwa nimekaa pale nakusikia, nimekuachia mdomo wangu unisemee. Hilo bado."

Watu wa nyumba ya jirani walikuwa wanatutazama. Mume wangu alikuwa bado na godoro kichwani, limemfunika nusu ya uso.

"Hata mimi bado," akasema.

Wifi akasogea pembeni, akamwonyesha kwa kidevu pa kuliweka.